Treni Imerudi, Baba Awino

Kwako Baba Awino,

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ya nyumba yetu. Wewe Mjaluo wa Alego, mimi Mluhya wa Butere, na katikati yetu hapakuwa na lugha nyingine. Majirani walikuwa wakitucheka, eti tunazungumza kama watu walio ofisini hata tukiwa jikoni. Ulipokasirika sana ulirudi kwenye Dholuo, nami nikabaki nimesimama pale na mwiko mkononi, sijui nimetukanwa nini. Tangu uondoke sina mtu wa kuzungumza naye Kiswahili kile. Awino ananijibu kwa Sheng ya huku Nyalenda, Kisumu.

Jana jioni nimerudi kutoka Butere, na kuna jambo la njiani ambalo lazima nikuambie. Lakini nikianza nalo sitaweza kuendelea. Acha nianzie mbali.

Unakumbuka siku tuliyoonana mara ya kwanza? Mimi nakumbuka mvua. Nilikuwa nasafiri na mama yangu kwenda Kisumu kununua vitambaa, maana nilikuwa nimemaliza kujifunza kushona na nilitaka kuanza na sare za shule. Tulipofika kwenye ile stesheni ndogo kati ya Maseno na Kisian, treni ikasimama na haikuondoka tena. Maji yalikuwa yamezoa kokoto chini ya reli huko mbele. Abiria wote tulishuka tukajibanza chini ya paa la stesheni kutwa nzima. Wewe ulikuwa kijana mwembamba, msaidizi wa stesheni masta, kofia imekuzidi kichwa. Uliwasha moto nyuma ya stoo, ukachemsha chai kwenye debe, ukatugawia kwa vikombe vya kupokezana. Ulipofika kwangu ukaniuliza kama nataka sukari. Nikakuambia chai tayari ina sukari. Ukasema unajua, lakini hukuwa na swali lingine la kuniuliza.

Mama alikutazama kutoka kofia hadi viatu. Akaniambia kwa lugha yetu nisije nikaolewa na mtu anayelala kwenye nyumba ya serikali. Mwaka uliofuata nikaja na cherehani yangu ndani ya behewa la mizigo.

Ulinifundisha stesheni ile kama watu wengine wanavyofundisha bibi harusi ukoo. Uliniambia kwamba zamani, enzi za mkoloni, hapo palikuwa na malisho ya mbuzi tu. Babu za watu wa kijiji walivunja mawe ya tuta kwa nyundo, na wengine hawakurudi nyumbani kwao baada ya kazi. Halafu ikajengwa stoo ya pamba. Ikaja duka. Likaja kanisa la mabati, ikaja shule, na soko likahamia kando ya reli kwa sababu siku ya treni ndiyo ilikuwa siku ya watu. Ulikuwa unanionyesha kutoka kwenye jukwaa, ziwa likiwa chini kule upande mmoja na vilima vya Maseno upande mwingine, unasema kila paa ninaloliona lilikuja nyuma ya treni. Nilikuwa napenda kukusikiliza. Ulikuwa unasema "stesheni yangu" bila majivuno, kama mtu anavyosema mguu wangu.

Na kweli ilikuwa yako, hasa baada ya kupandishwa cheo na mzee aliyekutangulia kustaafu. Nilikuwa nashonea barazani huku nikikutazama ukimsubiri dereva na ile tokeni, kile kipete kikubwa cha chuma ambacho bila hicho hakuruhusiwa kuendelea mbele. Ulimnyooshea mkono treni ikiwa bado inatembea, naye akakidaka kwa kiwiko. Sijawahi kukuona ukikosea. Kisha ulisimama mpaka behewa la mwisho lipotee, ndipo ukarudi ukavua kofia, ukaniuliza tunakula nini.

Awino alizaliwa na reli, hilo hata yeye anajivunia. Uchungu ulinishika asubuhi, siku ambayo hakukuwa na treni ya abiria, na barabara ilikuwa matope matupu. Ulisimamisha treni ya mizigo. Dereva alikataa kwanza, akasema hana ruhusa ya kubeba mgonjwa. Ukamwambia, "Basi na mimi sina tokeni ya kukupa." Ndiyo mara moja tu katika maisha yako ulipovunja sheria ya reli, na uliivunja kwa ajili yangu. Wakaniweka kwenye behewa la gadi, yule mlinzi wa treni, nyuma kabisa, pamoja na mama mmoja muuza omena aliyekuwa amebembeleza apewe nafasi. Hatukufika Kisumu. Mtoto alitoka kabla ya Kisian, kitovu kimemzunguka shingoni, amekuwa rangi ya wino. Yule mama alikitoa kwa vidole vyake vilivyonuka samaki, polepole, huku behewa likiyumba, na mtoto akalia. Kwenu mtoto aliyezungukwa na kitovu huitwa Awino. Ulipopigiwa simu ya stesheni ukaambiwa, watu walisema uliketi chini kwenye kokoto ukiwa na sare.

Hatukupata mwingine. Hukuwahi kunilaumu, hata ndugu zako walipokuja kukushauri.

Sijui ni lini hasa mambo yalianza kwenda chini. Hayakuja kwa kishindo. Mabehewa yalipungua. Treni ya kila siku ikawa ya siku chache kwa wiki, kisha ya mara moja, kisha ya ikiwezekana. Pamba ilikufa, na stoo ikabaki na popo. Treni ya mizigo ilipokoma, Bwana Kanji, yule Mhindi wa duka la ng'ambo ya reli, alikuja kutuaga na mke wake. Yule mama alinishika mikono yote miwili, maana nilimshonea blauzi zake kwa miaka mingi. Bwana Kanji alitazama jukwaa tupu, akakuambia, "Stesheni masta, funga na wewe. Uende nyumbani." Ukamjibu kwamba hujapata amri ya kufunga.

Amri haikuja kamwe. Ilikuja pikapu. Treni ya mwisho ilikuwa imepita bila mtu kujua kwamba ni ya mwisho, na baada ya miezi wakaja wanaume wawili kutoka mjini wakachukua taa, bendera, simu, tokeni na ile saa kubwa ya ukutani. Uliwasaidia kubeba. Ulifunga saa kwa shuka letu isipasuke kioo. Walikuambia ukae, utapata maagizo. Walipoondoka ulisimama ofisini ukitazama mviringo mweupe ulioachwa ukutani na saa, na mimi mlangoni nikakuuliza tunakula nini.

Wewe ukakaa. Miaka yote ile ulikaa, Baba Awino. Asubuhi ulivaa sare, ukafagia jukwaa, ukang'oa majani yaliyoota kati ya mataruma, yale magogo yanayobeba reli, ukaketi mbele ya ofisi. Mshahara ulikuja kwa kusuasua, kisha haukuja. Cherehani ndiyo ilitulisha. Vijana wa soko walikuita Bwana Treni, na ukawa unawasalimia kana kwamba ni heshima.

Mimi nilitaka tujenge Alego. Nilikuwa nimekaa na watu wenu vya kutosha kujua kwamba mwanamume asiye na boma lake hana mahali pa kusimama hata akifa. Nilikuambia kwa upole, nikakuambia kwa hasira. Siku moja nilikataa kukuwekea chakula. Nakumbuka ulivyojibu, kwa sababu hukuinua sauti.

"Nikijenga Alego, wakirudi watamkuta nani hapa?"

Nikakuambia hawarudi.

"Watarudi, Mama Awino. Hawawezi kuacha chuma chote hiki."

Lakini chuma kiliondoka. Kilianza na boliti, halafu zile sahani za kushikilia reli, halafu nguzo ya ishara ikakatwa mchana kweupe na kubebwa kwa mkokoteni kwenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Ulikwenda kwa chifu, ukaenda polisi, ukarudi. Asubuhi ile uliposikia msumeno upande wa Maseno nilikusihi usitoke. Ulifunga vifungo vyote vya koti kwanza. Niliposikia kelele nikakimbia nyuma yako. Walikuwa vijana watatu, na mmoja wao nilimshonea sare yake ya kwanza ya shule. Hukumtukana mtu. Ulisimama juu ya reli waliyokuwa wakiikata ukawaambia waiache, ni mali ya umma. Yule niliyemshonea sare ndiye aliyekusukuma. Hakukusukuma kwa nguvu, alitaka tu utoke njiani. Uliangukia taruma, na mfupa wa nyonga ukavunjika, niliusikia.

Hospitalini Kisumu walikutibu wakakurudisha, lakini hukutembea vizuri tena, kisha hukutembea kabisa. Ulilala kwenye kile chumba chetu cha reli, dirisha likitazama jukwaa. Mwishoni akili ilikuwa inaenda na kurudi. Siku moja ukanishika kanga ukaniambia treni ya Butere inakaribia, nikatazame kama ishara imeshushwa ili ipite. Nilitoka. Nilisimama pale ambapo nguzo ilikuwa imekatwa, kisiki chake kimeota kutu, nikaona upepo unavyolaza majani juu ya reli. Nikarudi nikakuambia imeshushwa. Ukasema vizuri. Wiki ile ile ukanitoka.

Sikutaka kukuandikia kuhusu mazishi, ila hukuwa hapo kuyaona na hakuna mwingine atakayekuambia. Kaka yako Oloo, ambaye kwenu huitwa Jaduong', yaani mzee, alisema mtu hawezi kuzikwa kama mpita njia, lazima awe na nyumba. Kwa hiyo walikujengea. Mwili wako ukiwa mochari, vijana walikata miti wakasimamisha kibanda cha chumba kimoja, wakakandika udongo, na siku tulipokuleta kuta zilikuwa bado mbichi, zinanuka mvua. Mlango haukufunga. Wewe uliyekuwa unafagia jengo la matofali miaka yote, ulikaa mbele ya kile kibanda ndani ya sanduku, watu wakasimama kusema ulivyokuwa mtumishi mwaminifu. Niliketi ndani kama mjane anavyotakiwa. Nilikuwa naona mwanga kupitia nyufa.

Masika ya kwanza kilianguka. Jaduong' Oloo hakuwa mbaya kwangu, lakini aliniambia waziwazi kwamba sina mtoto wa kiume wa kunijengea kingine, na Awino ni wa kuolewa. Nikarudi stesheni. Ningeenda wapi pengine?

Halafu wakarudi. Ulisema kweli, Baba Awino, na nikuombe radhi kwa niaba ya wote waliokucheka. Walianza watu wa kupima, wenye vyombo vya miguu mitatu na makoti ya rangi ya kung'aa. Wakaja vibarua, vijana wa hapo hapo, wakang'oa mataruma yaliyooza, wakaweka mapya, wakaunga reli zilizokatwa, wakamwaga kokoto mpya. Reli zikasuguliwa na magurudumu ya majaribio mpaka zikang'aa. Mimi nilikuwa nawapikia vibarua chai. Nilimuuliza msimamizi wao kama stesheni yetu itatengenezwa. Akasema yeye ni wa reli tu, majengo ni watu wengine.

Nilifagia jukwaa lako. Nilinunua chokaa nikapaka ukuta wa mbele, mkono wangu ukauma wiki nzima. Siku ya treni ya kwanza kijiji chote kilikuja, hata wazee wa kubebwa. Kina mama walileta nyoyo, yale mahindi ya kuchemshwa na maharagwe, mayai ya kuchemsha, njugu kwenye mabeseni, kama zamani. Watoto wa shule walipangwa mstari. Chifu alivaa kofia yake. Nilisimama mahali pako, karibu na mlango wa ofisi, na Awino alikuwa ametoka mjini akanishika mkono.

Tuliisikia kabla ya kuiona. Ilitoka upande wa Kisian ikipanda, honi ikilia, na watu wakaanza kuimba. Kina mama wakainua mabeseni kichwani. Nilikuwa natazama magurudumu. Wewe ulinifundisha kwamba treni inayotaka kusimama unaijua kwenye magurudumu mapema, na mimi nikajua kabla ya wote. Ilipita na upepo wake, madirisha yamejaa watu wanaotupungia na kutupiga picha kwa simu. Watoto waliendelea kupunga. Mama mmoja kando yangu alibaki ameinua beseni lake la njugu muda mrefu, hata baada ya behewa la mwisho kupotea.

Mzee mmoja akasema labda itasimama ikirudi. Tukakaa mpaka jioni. Ikarudi, ikapita.

Baadaye chifu alituletea jibu aliloambiwa: inasimama kwenye stesheni zenye abiria, na sisi hatuna abiria. Hatuna abiria kwa sababu haisimami, nikamwambia. Akasema, "Mama, mimi pia naelewa. Lakini utamwambia nani?" Watu walikuja kuitazama siku chache zaidi, kisha wakaacha. Sasa hata mbuzi hawashtuki.

Kisha watu wa reli wakaja wakapaka alama nyekundu juu ya chokaa yangu. Msalaba mkubwa, kwenye ofisi, kwenye stoo, kwenye mlango wetu. Walisema ni majengo hatari yaliyo kwenye ardhi ya reli na kwamba mimi si mfanyakazi. Nikasema mume wangu alikuwa stesheni masta hapa. Kijana mmoja wao akaniuliza kwa adabu kama nina hati yoyote. Hukuwahi kuniachia hati, kwa maana wewe mwenyewe ulikuwa unangoja maagizo. Niliomba wanipe siku za kuhama, wakanipa. Mashine ya kubomoa ilipokuja nilikuwa nimeshatoa cherehani na kitanda nje. Ukuta wa mbele ulianguka mzima mzima. Kabla vumbi halijatulia watu walishaanza kubeba matofali na mabati. Ni watu tunaowajua, nao wana watoto. Sikuwakataza.

Kwa hiyo sasa niko kwa Awino. Ana chumba kimoja Nyalenda, tumekigawa kwa pazia. Asubuhi napanga foleni ya maji na madumu, mchana narekebisha nguo za watu, lakini macho yamechoka na siku hizi wananunua mitumba badala ya kushonesha. Awino ananitendea mema. Usiku namsikia upande wa pili wa pazia anageuka, na najua anajiuliza nitakaa mpaka lini, nami najiuliza hivyo hivyo. Hakuna anayelisema.

Tulikuja kaburini kwako mwezi uliopita. Ukipita njia huwezi kujua kuna mtu, mahindi ya kaka yako yamefika karibu. Pale palipokuwa na kibanda pana kichuguu. Awino alipanga mawe upya, kisha akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama, mwambie ilisimama." Nilifungua mdomo. Nilishakudanganya mara moja ukiwa kitandani, na ilinitoka bila shida. Mara hii haikutoka. Nikang'oa magugu, tukaondoka.

Basi sasa nifike kwenye lile jambo la njiani. Juzi kulikuwa na matanga kwetu Butere, na Awino akanikatia tiketi ya treni. Sikuwa nimeipanda tangu irudi. Aliniambia nikae upande wa kushoto nipate kuona stesheni. Nilikaa dirishani. Tulipita Kisian. Nikaanza kutazama, sikupepesa, nimeshika ukingo wa dirisha kwa mikono miwili. Nilikuwa nimeamua kwamba nikifika pale nitakusalimu kimoyomoyo, ndiyo maana nilivaa vizuri. Niliona mashamba, nikaona vichaka, nikaona tuta, ziwa likiwa kule nyuma, tena vichaka. Mama aliyeketi karibu nami akaanza kukusanya mizigo yake. Nikamuuliza anashuka wapi. Akasema Maseno, tumefika.

Nilikuwa natazama wakati wote, Baba Awino. Sikusinzia. Nimeishi mahali pale tangu nikiwa msichana, na nimepita hapo macho wazi bila kupaona. Wakati wa kurudi nikakaa dirisha lile lile, sikupaona tena.

Usingoje tena huko uliko. Mimi pia nimeacha.

Mkeo,
Mama Awino